Vidole vya Mama Miguu

Nyuma ya hospitali, ukishapita chumba cha kufulia mashuka na tangi la maji lililoshika kutu, ipo karakana ambayo mtu huijua kwa pua kabla ya macho: plasta mbichi, plastiki iliyopashwa moto, vumbi lisiloisha. Ndani yake miguu ya bandia imening'inizwa ukutani kwa kamba, mirefu kwa mifupi, ya wanaume, ya wanawake, ya watoto. Mingi inawasubiri wenyewe waje kuijaribu. Michache ilisubiri mpaka mwenyewe akafa, na mguu wa bandia haurithiwi, kwa sababu kila mmoja umetengenezwa kwa kipimo cha kigutu kimoja tu duniani, kile kipande cha mguu kinachobaki baada ya kukatwa. Hiyo imeachwa palepale. Upepo ukiingia dirishani hugongana polepole, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi na hana haraka ya kufunguliwa.

Mtawala wa karakana hiyo alikuwa mama mmoja mfupi, mwenye mabega mapana na ulimi mkali. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti; mji mzima ulimwita Mama Miguu. Mumewe ni kinyozi, na kila mteja mpya akikaa kitini pake humtolea mzaha uleule: "Nyumbani kwetu tumegawana kazi. Mimi vichwa, mke wangu miguu. Hapo katikati tumewaachia madaktari." Watu hucheka. Zamani hata Mama Miguu alikuwa akicheka.

Miguu isiyo na wenyewe haikumtisha. Akiingia asubuhi aliisalimu, akaipangusa vumbi, akaendelea na shughuli zake. Kilichomtisha ni sauti. Ilianza kumjia mchana, karakana ikiwa tupu, mashine imezimwa, yeye ameinama juu ya kazi. Sauti ya mwanamume mzee, ya chini, yenye mikwaruzo, ikiuliza swali moja tu.

"Hapo pana nini?"

Aligeuka, asione mtu. Lakini hakuwa na haja ya kuuliza ni nani. Ilikuwa sauti ya Mzee Plasta, fundi aliyemfundisha kazi, na Mzee Plasta alikuwa amekwisha kuzikwa, tena yeye mwenyewe akiwa pale makaburini na leso mdomoni.

Alifika kwa Mzee Plasta akiwa msichana wa chuo, ametumwa kwa mafunzo ya vitendo, daftari kifuani na viatu vyeupe ambavyo havikumaliza siku vikiwa vyeupe. Chuoni walikuwa wamemkaririsha majina ya mifupa yote mpaka akayaota. Mzee Plasta hakumwuliza hata moja. Kwanza alimpa ufagio. Kisha siku moja mgonjwa alipokuja kupimwa, mzee akamwita, akamshika mkono, akaviweka vidole vyake juu ya kigutu cha yule mtu.

"Hapo pana nini?"

"Pana mfupa, Mzee."

"Umechongoka au umelala?"

"Umechongoka. Unakimbilia nje."

"Sema kwa sauti, binti! Mimi mashine imeshanila masikio."

Na kweli. Mashine ya kusugulia ilinguruma siku nzima na ilikuwa imemharibu masikio, kiasi kwamba kila aliyeingia pale aliongea kama anagombana. Binti akarudia kwa kupiga kelele. Ndipo mzee akachukua penseli ya zambarau na kuchora alama pale pale aliposema yeye. Kazi yote iko kwenye alama hizo. Huchorwa juu ya soksi nyembamba inayokivika kigutu, kisha plasta inayozungushiwa juu yake huzinyonya, na fundi akishapata umbo la plasta hujua wapi pa kubana na wapi pa kuacha nafasi. Alama ikikosea kwa upana wa kidole, kikombe, yaani ile sehemu ya juu ya mguu inayopokea kigutu, kitamsaga mtu mfupa kila akikanyaga.

Basi ikawa hivyo kwa kila mgonjwa. Mafunzo yakaisha, akaajiriwa, mzee hakuacha. "Njoo. Hapo pana nini?" Akaolewa, akazaa, akarudi kazini na maziwa yakimvuja kifuani, bado, "Hapo pana nini?" Alikereka. Alijiambia mzee huyu atanipa mtihani mpaka siku ya kiyama. Lakini vidole vyake vilijifunza kusoma nyama ya mtu kama wengine wanavyosoma gazeti, na hilo hakuna chuo kilichoweza kumpa. Alichokitamani ni kusikia neno moja tu, kwamba amefaulu. Mzee Plasta alikufa bila kulisema.

Sasa lisemwe lile ambalo Mama Miguu hakumwambia mtu. Vidole vyake vilikuwa vimekufa. Havikukatika wala havikuvimba. Ukivitazama ni vidole vya mama yeyote aliyefanya kazi. Lakini mashine ile ilikuwa imeitikisa mikono yake miaka na miaka, na ganzi iliyoanza kama mgeni wa asubuhi za baridi ikahamia na godoro lake. Jioni moja nyumbani alishika sufuria ili aiepue, na mumewe akaja mbio kutoka uani akifuata harufu.

"Wewe mama! Unaungua!"

Aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Akamwambia mumewe alikuwa na mawazo tu. Na mjukuu alipopata homa, bibi hakumgusa paji la uso kwa kiganja, alimwekea shavu lake. Binti yake akadhani ni mapenzi yamezidi.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Tabu ya methali hii ni kwamba haisemi kifo hicho ni cha nani, na mara nyingine anayeumbuliwa ni mmoja na anayeumia ni mwingine. Vyuo vilipotaka kumletea wanafunzi, Mama Miguu aliwarudisha. "Hapa ni karakana, si mahali pa kulelea watoto." Watu wakasema ana choyo cha ujuzi. Hawakujua kwamba anaogopa. Kijana mwenye vidole hai akikaa karibu naye siku moja tu, atajua.

Hapo ndipo anapoingia Mwalimu. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mrefu, aliyekatwa mguu chini ya goti baada ya ajali barabarani. Hesabu haifundishwi kwa kukaa, alisema, na alitaka mguu wa kumsimamisha ubaoni. Mama Miguu alimpima peke yake, akachora alama zake za zambarau kwa mazoea na kubahatisha, akamtengenezea. Baada ya muda Mwalimu akarudi akilalamika maumivu.

Kuna jambo ambalo kila fundi wa miguu analijua: mguu ukikatwa hauendi moja kwa moja. Mtu huwashwa vidole alivyozikiwa, huungua kisigino kisichokuwepo. Katika karakana ile waliuita mguu wa zamani. Wagonjwa walikuwa wakilia nao kila siku, na mafundi walikwisha kuzoea kuwatuliza. Daktari wa meno hawezi kupata kisingizio kama hiki, maana jino likishang'olewa halidai kitu. Fundi wa miguu anacho, na Mama Miguu alikitumia.

"Mguu wa zamani umeamka," alimwambia. "Utatulia."

Mwalimu akaenda. Akarudi tena, safari hii anachechemea.

"Mama, mguu wa zamani naujua. Ukija, vidole ambavyo sina vinawasha. Tumeshazoeana, hata nausalimia. Haya maumivu ni mengine. Haya yapo."

"Wote husema hivyo, Mwalimu."

Akatoka nje, hatua moja nzito na nyingine ya kuburuta. Hatua hizo zikabaki na Mama Miguu. Alizisikia sokoni nyuma yake, akigeuka haoni mtu. Alizisikia kwenye ufagio wa mumewe akifagia nywele za wateja. Usingizi ukampungua, na mchana, karakana ikiwa tupu, yule mzee akazidi kuuliza swali lake.

Daktari mkuu wa hospitali alikuja karakanani mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mama Miguu, safari hii sikuombi, nakwambia. Kuna binti amemaliza chuo, anakuja kufanya mafunzo kwako. Wewe ukistaafu leo, hapa tutafunga mlango tuweke magodoro mabovu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Waliosema hivyo hawakuwa wajinga."

"Na waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Mimi nitampa siku ya kwanza."

Binti akaja. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani iliyomteleza puani, na tabia ya kuimba kwa pua wakati wa kazi. Alikuwa amezunguka ofisi na hospitali kadhaa tangu amalize chuo. "Kila mlango wananiambia nilete uzoefu, Mama," alisema. "Huo uzoefu ndio ninaoutafuta. Haupimwi dukani kwa kilo." Mama Miguu karibu acheke, akakumbuka kwamba hatakiwi kumpenda. Akampa ufagio. Akampa ndoo za plasta azikwangue. Akampa marobota ya soksi ayakate. Mgonjwa akija, binti alitumwa mbali: kamwone mtu wa stoo, kaulize kama umeme utakatika. Binti hakununa. Alikwenda, akarudi, akaendelea kuimba.

Mchana mmoja Mama Miguu alikuwa akichonga umbo la plasta, binti akatokea mlangoni na ndoo yake.

"Naam, Mama?"

"Sijakuita."

"Umeuliza hapo pana nini. Nikadhani unauliza habari ya ndoo."

Mama Miguu akaacha kuchonga. "Nimeuliza mimi?"

"Ndiyo. Midomo yako nimeiona. Ila sauti ilikuwa nzito, nikajua una mafua."

Kumbe alikuwa yeye. Mzimu ulioko mlangoni mtu anaweza kuufukuza, hata kuusomea dua. Ulioko kinywani mwake mwenyewe ataukimbilia wapi? Tangu siku hiyo, kila alipoinamia kazi, Mama Miguu alibana ile penseli ya zambarau kati ya meno ili mdomo usimtoroke. Aliona aibu, na aliogopa vibaya sana.

Mwalimu alikuja mara ya tatu kwa magongo, mguu wa bandia ameutia kwenye mfuko. Alikaa kwenye benchi, akaupandisha mguu wa suruali. Soksi ya kigutu ilikuwa na doa.

"Nimetoka kwa daktari wa upasuaji," alisema, kwa sauti ile ya mwalimu anayesoma matokeo ya mtoto wa mtu mwingine. "Kidonda kikifika mfupani, atakata tena. Juu ya goti. Mimi nikipoteza goti, Mama, ubaoni sirudi."

Mama Miguu akafungua kinywa, na maneno yaliyotoka ni yaleyale. "Mguu wa zamani, Mwalimu, una..."

Hakumaliza. Binti, ambaye hakuna aliyekumbuka kumtuma mbali, alikuwa amekwisha kupiga magoti, amevua soksi taratibu, na vidole vyake vilikuwa vikitembea kandokando ya kidonda. Aliacha kuimba.

"Mama, hapa pana ncha ya mfupa. Imejificha." Akainua macho kwenye rafu, ambako lile umbo la plasta la Mwalimu lilikuwa limesimama na alama zake za zambarau. "Ile alama... mbona iko pembeni?"

"Nani amekuruhusu kumshika mgonjwa? Toka! Toka nje!"

Binti akatoka, akaacha hata miwani yake benchini. Mama Miguu akapiga magoti mahali pake. Akaweka kidole gumba pale aliposema binti, akabonyeza. Hakuhisi kitu. Ni kama kugusa ukuta kupitia blanketi. Akabonyeza zaidi, na Mwalimu akavuta pumzi kwa meno, macho yakamjaa maji. Kidole kilikuwa juu ya maumivu yenyewe, na mwenye kidole hakuwa na habari.

Aliinua uso akamtazama Mwalimu, kusoma usoni mwake kile ambacho mkono ulishindwa kusoma. Hapo ndipo moyo ulipomlipuka, kwa sababu alikumbuka nani mwingine aliyekuwa akitazama hivyo.

Mzee Plasta. Wakati wa kupima, mzee hakuwa akikitazama kigutu. Alikuwa akimtazama yeye usoni, amenyamaza, amekodoa macho. Mzee Plasta, aliyeshika kikombe cha chai ya moto kwa viganja viwili wakati yeye anakipuliza chake kwa mbali. Mzee Plasta, kila asubuhi, "Mwanangu, nifunge kifungo hiki, macho yamechoka," na kisha anakaa kusoma gazeti bila miwani. Mashine ileile. Mikono ileile.

Hakuwa akimpa mtihani. Alikuwa anauliza. Miaka yote ile mzee hakujua hapo pana nini, na watu wote waliotoka pale wakitembea walitembea kwa vidole vya msichana aliyedhani hajafaulu.

"Si ungeniambia, Mzee!" alisema kwa sauti, akalia. Alilia kwa hasira na kwa mapenzi, hakuweza kutenganisha. Mwalimu hakuelewa, lakini alikuwa mtu mwenye adabu, akamshika bega. "Pole, Mama," alisema, na ilikuwa ajabu, mgonjwa kumpa pole fundi wake.

Mama Miguu akajifuta kwa aproni, akaenda mlangoni, akamwita binti. Akampa miwani yake. Akampigisha magoti, akamshika mkono, akaviweka vile vidole vyembamba kandokando ya kidonda.

"Hapo pana nini?"

Binti akaurudisha mkono. "Mama, naomba usinipe mtihani mbele ya mtu. Nitakosea."

Hapa angeweza kunyamaza. Mzee Plasta alinyamaza, na miguu ikatoka mizuri, na heshima yake akaenda nayo kaburini bila mkunjo. Ilikuwa rahisi. Angeguna tu kama mtu anayesahihisha, na binti yule angemtumikia mpaka astaafu, akikereka, akisubiri kusikia kwamba amefaulu.

"Sikupimi, mwanangu," alisema Mama Miguu. "Nakuuliza. Vidole vyangu vimekufa. Mimi sijui hapo pana nini."

Kisha akamgeukia Mwalimu. "Na wewe nilikwambia unaumwa na mguu usiokuwepo. Nilikudanganya."

"Uliniambia mara mbili," alisema Mwalimu. "Nikaanza kuamini nina wazimu. Nilikuwa nasimama darasani nauma ulimi, nikijiambia hakuna kinachouma."

Hakusema yameisha, na Mama Miguu hakumwomba aseme. Alikwenda kwa daktari mkuu siku ileile na kumweleza yote. Daktari alifoka sana, na alikuwa na haki. Mashine ilifungwa mpaka irekebishwe; Mama Miguu akazuiwa kumpima mgonjwa peke yake; wagonjwa wake wote wa karibuni wakaitwa warudi, na binti akawakagua mmoja mmoja. Wengine walikuwa na malengelenge ambayo walikuwa wameambiwa ni mguu wa zamani. Kila mmoja aliombwa radhi, na si kila mmoja alizitoa. Nyumbani, mumewe aliposikia, hakutania. Aliishika mikono yote miwili ya mkewe, akakaa nayo, ingawa alijua mkewe hahisi kwamba imeshikwa.

Kidonda cha Mwalimu kilichukua muda wake. Mfupa haukuguswa, goti likabaki, na mguu aliotengenezewa baadaye ndio anaofundishia mpaka leo. Lakini kuna jambo lilitokea siku ya kuupima, na walioliona ni hao watatu tu.

Ilikuwa mchana, kimya, mashine imezimwa. Mwalimu amekaa benchini, kigutu kimevikwa soksi nyembamba. Binti amepiga magoti, amefumba macho, vidole vinatembea. Mama Miguu amesimama nyuma yake, penseli ya zambarau kati ya meno kama kawaida yake mpya, anasubiri.

"Hapo pana nini?"

"Pana ncha ya mfupa, Mama," alijibu binti bila kufumbua macho. "Inakimbilia nje."

Mwalimu aligeuza kichwa haraka. Alitazama mlangoni, ulikuwa umefungwa. Alitazama ukutani, miguu imetulia, hakuna upepo. Kisha akamtazama Mama Miguu, ambaye penseli ilikuwa bado imebanwa katikati ya meno yake, na midomo yake haikuwa imetikisika.

Mama Miguu akaitoa penseli mdomoni, akaifuta kwa aproni, akaiweka mkononi mwa binti na kumfumbatisha vidole juu yake.

"Rudia kwa sauti," alisema. "Mzee hasikii vizuri."